Kuchagua na kurekebisha sauti za dramu za umeme kwa taarab na kidumbak (uzi mrefu)

Mwanzisha uzi

Assalaam aleikum ndugu zangu wapiga ngoma, wa Unguja na wa Pemba.

Vijana kadhaa wanaopiga katika kumbi za harusi hapa mjini wameniomba niandike jinsi ninavyochagua sauti za dramu za umeme, na jinsi ninavyozirekebisha zikubaliane na taarab na kidumbak, ule muziki wa harusini wa ngoma ndogo na fidla. Naandika kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe halimo katika kitufe kimoja, na kwa sababu mimi mwenyewe nililifahamu baada ya kuharibu usiku wa watu.

Usiku huo tulialikwa harusini, katika ukumbi wa kuta za saruji na dari fupi. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nyumbani na hedifoni, nikachagua kiki (ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu) yenye mlio mzito unaokwenda mbali na sneya (ngoma yenye waya chini yake) iliyojaa mwangwi, na ndani ya hedifoni zilikuwa tamu kupita kiasi. Wimbo wa kwanza ulipoanza, kila pigo la kiki lilibaki hewani mpaka likakutana na pigo linalofuata. Gitaa la besi likazama, fidla zikasikika kana kwamba zinapigwa nyumba ya jirani, na mwimbaji akawa ananigeukia kila ubeti unapokwisha. Wakati wa mapumziko mzee wetu wa fidla alinishika bega akaniambia, "Mwanangu, ngoma yako hainyamazi." Sikuwa na la kujibu, kwa sababu alisema kweli.

Tangu siku hiyo nimeshika utaratibu mmoja, nao ndio nitakaoutetea katika uzi huu: kwanza naifundisha pedi, kile kibao kinachopigwa badala ya ngoma, iusikie mkono wangu, kisha nachagua sauti kwa kazi itakayoifanya ndani ya kundi na ndani ya ukumbi. Utamu wa sauti ikiwa peke yake nauacha mwisho kabisa.

Tuanze na pedi. Chini ya ngozi ya wavu, au chini ya mpira, kuna kihisi kidogo cha piezo ambacho hutoa umeme kinapotikiswa. Moduli, yaani ule ubongo wa dramu, hupima mtikiso huo na kuugeuza kuwa namba ya nguvu ya pigo. Kwa utaratibu wa MIDI, ambao ala za umeme zimekuwa zikizungumziana kwao tangu 1983, namba hiyo huanzia 1 na kuishia 127, nayo ndiyo inayoamua ukubwa wa sauti utakayoisikia na, katika moduli nyingi, hata rangi yake. Ikiwa pedi imewekwa hivi kwamba pigo lako la kawaida tayari linafika 120, umebakiwa na namba saba tu za kutofautisha pigo la kawaida na pigo la mkazo, na zile sampuli laini, yaani sauti fupi za ngoma alizozirekodi mtengenezaji kwa tabu kubwa hutazisikia kamwe. Hapo ndipo mtu husema moduli yake ina sauti mbovu, akatafuta nyingine ya bei kubwa zaidi, na kumbe kosa limo katika kurasa mbili za mipangilio ambazo hajapata kuzifungua.

Ninavyofanya ni hivi. Napiga kama nitakavyopiga mbele ya watu, nikiitazama ile namba kwenye kioo cha moduli, na naushusha usikivu wa pedi mpaka pigo langu kali kuliko yote liguse 127 kwa nadra na pigo la kawaida likae baina ya 70 na 90. Kisha nakigeukia kizingiti, yaani kiwango ambacho chini yake moduli huhesabu kuwa hakuna kilichopigwa. Kikiwa juu mno, yale mapigo madogo ya kujazia hupotea, na mpigaji wa taarab bila ya mapigo hayo ni nusu mpigaji. Kikiwa chini mno, pedi hulia yenyewe spika ya besi inapotetemesha jukwaa. Nakishusha mpaka pedi ianze kulia bila ya kuguswa, halafu nakipandisha kidogo. Mwisho natazama pigo la jirani, maana pedi zilizofungwa kwenye chuma kimoja hutikisana, na ukipiga tomu, ile ngoma isiyo na waya, unaweza kusikia toazi limelia kwa mbali. Moduli nyingi zina mpangilio wa kulizuia. Panda nao hatua kwa hatua na usizidishe, kwa sababu ukizidi utameza mapigo halali yanayopigwa kwa pamoja.

Kuhusu mkunjo wa nguvu, yaani jinsi moduli inavyoigeuza nguvu ya mkono kuwa namba, nitasema machache. Mkunjo ulionyooka unatosha kwa wengi. Mwenye mkono mwepesi achague unaopanda mapema, na mwenye mkono mzito achague unaochelewa.

Baada ya hayo, sauti. Zina asili mbili kubwa, na asili hiyo ina maana katika uchaguzi. Ziko zinazozaliwa na mitambo ya umeme yenyewe bila ya ngoma yoyote kupigwa, kama zile za Roland TR-808 iliyotoka 1980. Na ziko zilizorekodiwa kutoka ngoma halisi, njia iliyofunguliwa na mashine ya Linn LM-1 mwaka huohuo. Taarab ya kisasa, ile ya rusha roho, ilikua pamoja na kinanda cha umeme na midundo ya mashine, kwa hiyo sauti za asili ya kwanza hukaa humo bila ya ugomvi. Kidumbak na taarab ya orkestra yenye fidla, udi na kanuni hutaka sauti ya ngoma iliyopigwa na mtu chumbani, kavu, yenye mkia mfupi, yaani mlio usiokawia baada ya pigo.

Kiki ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko zote, kwa sababu muziki wetu wa asili hauna kiki. Katika kidumbak, sehemu ya chini hubebwa na sanduku, lile lenye fimbo na uzi mmoja. Katika orkestra hubebwa na dabalbesi au gitaa la besi. Ukileta kiki nzito yenye uzani wa hezi 50 au 60 unakuwa umekalia kiti cha mwenyewe. Mimi huchagua kiki ndogo, naipandisha nusu toni mbili au tatu, naufupisha mkia wake mpaka ubaki mdundo tu, na kama moduli ina ekwalaiza (kirekebishi cha sauti nzito na nyembamba) napunguza chini ya hezi 80 na kuongeza kidogo karibu na hezi 3,000 ili ule mgongano wa nyundo usikike bila ya kuongeza sauti. Matokeo yake ukiyasikiliza peke yake ni makavu, hata utayaonea huruma. Lakini weka sanduku juu yake ndipo utakapoelewa.

Kwa sneya, fuata hayohayo: mwili mfupi, waya za chini zisizomwagika. Wakati mwingine naiondoa kabisa na mahali pake naweka bongo, zile ngoma mbili ndogo za mkono, kwa sababu bongo zimekaa katika orkestra zetu miaka mingi na masikio ya wasikilizaji yamezizoea.

Haihati, yale matoazi mawili ya kanyagio, nayo haina haki ya kuingia popote. Ikiwa kundi lina mpiga rika (tari dogo lenye njuga), zile njuga zake na haihati yako zinagombania anga moja ya juu, na rika ndiye mwenye nyumba. Shusha haihati, ifunge, au badala yake weka sauti ya cherewa (kayamba za kutikiswa) au ya mkwasa (vijiti vya kugonga). Ikiwa hakuna mpiga rika, unaweza kuiweka sauti ya rika yenyewe kwenye pedi ya haihati, nayo kanyagio ikaamua baina ya njuga zilizoachiwa na zilizokabwa. Katika mipangilio hakikisha sauti mbili hizo zimo katika kundi moja la kukabana, ili ile ya pili ikilia ya kwanza ikatike. Bila ya hivyo utasikia marika mawili.

Mwangwi wa moduli, katika ukumbi wa saruji, nauzima wote. Ukumbi wenyewe una mwangwi wa kutosha, tena wa bure. Palipo wazi, kama ndani ya Ngome Kongwe ambako tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika, hali hugeuka: sauti huondoka na kupotea angani, na hapo unaweza kuurefusha mkia wa tomu na kuongeza mwangwi kidogo.

Jambo la mwisho kwa leo: usiamue lolote kwa hedifoni peke yake. Hedifoni hutenganisha kushoto na kulia, ilhali mitambo mingi ya kumbi zetu huunganisha pande zote mbili kuwa moja, na sampuli iliyorekodiwa kwa upana mkubwa ikiunganishwa hivyo huweza kujila yenyewe ikasikika nyembamba. Chomeka waya mmoja tu katika tundu la kushoto, ambalo katika moduli nyingi ndilo la sauti ya pamoja, sikiliza kwa spika moja, kisha amua.

Mchangiaji, Chake Chake

Wa aleikum salaam, Maalim. Tunashukuru kwa darsa hili. Mimi ninayo moduli inayokubali kupokea sauti kutoka kwenye flashi, na ninalo dumbak, ngoma ya mkono, la udongo la marehemu babu yangu. Nimejaribu kulirekodi kwa simu na kulipakia, lakini likitoka kwenye pedi linachelewa, na kila pigo lina nguvu ileile hata nikigusa kwa kidole. Nimekosea wapi?

Mwanzisha uzi

Shekhe wangu, umekosea pale ambapo karibu sote tulikosea, na makosa yenyewe ni mawili tofauti.

Kuchelewa kunatokana na ukimya ulioachwa mwanzoni mwa faili. Simu nyingi huhifadhi sauti kwa kuibana, na ubanaji wa aina ya MP3 huongeza kipande cha ukimya mwanzoni hata kama wewe mwenyewe ulikata vizuri. Badilisha faili iwe WAV, ya biti 16 na sampuli (hapa maana yake vipimo vya wimbi) 44,100 kwa sekunde, upande mmoja tu. Baada ya hapo ndipo uikuze kwenye kompyuta na kukata karibu kabisa na pale wimbi linapoanza kupanda. Usidharau milisekunde. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila milisekunde 3 za ukimya ni sawa na kuisogeza ngoma yako mita moja nyuma, na ukimya wa milisekunde 30 unakupigisha dumbak lililowekwa mita kumi kutoka ulipokaa.

Kuhusu nguvu, yawezekana mambo mawili yamekutana. Kinasa sauti cha simu hujirekebisha chenyewe: hupandisha pigo laini na kushusha pigo kali, hivyo tofauti uliyoipiga imefutwa kabla haijafika kwenye moduli. Tafuta programu inayoruhusu kuuzima urekebishaji huo, au azima kinasa sauti chenye kinobu cha kiwango, na upime ili pigo kali kuliko yote likae desibeli 6 chini ya kilele, yaani kiwango cha juu kabisa cha kinasa sauti. Pili, inaelekea umepakia pigo moja tu. Pigo moja likipunguzwa sauti halifanani na pigo laini. Dumbak likiguswa kwa kidole lina rangi nyingine kabisa, ngozi inanong'ona na ule udongo hauitikii.

Nilivyorekodi langu ni hivi. Kwanza ngozi. Hewa yetu ina unyevu, na ngozi ya mbuzi hulegea, ndiyo maana wapigaji wa kidumbak huziota ngoma zao moto kabla ya kuanza na tena katikati ya shughuli. Rekodi ngoma ikiwa imeota na imekaza, kwa sababu hali utakayoirekodi ndiyo utakayokaa nayo. Ukitaka kuishusha baadaye, nusu toni moja au mbili moduli itazishusha bila ya kuiharibu sauti, ila ukivuka nne ngoma huanza kufanana na pipa. Chumba kiwe kidogo chenye mazulia na magodoro, feni imezimwa. Maikrofoni iwe kiasi cha shubiri mbili kutoka ngozini, ikielekea baina ya katikati na ukingo, kwani ukiielekeza katikati tu utapata dum (pigo zito) nzuri na tak (pigo kali la ukingoni) iliyokufa.

Piga mapigo manne: dum ya katikati, tak ya ukingoni kwa mkono mkuu, ka kwa mkono wa pili, na kofi. Kila pigo lirekodi kwa matabaka manne ya nguvu, kuanzia kunong'ona hadi mkazo, na kila tabaka mara mbili ili moduli izipokezane, maana sikio hugundua upesi sana pigo lililorudiwa bila ya tofauti hata chembe. Hapo una faili 32. Kila moja ikiwa ya sekunde moja, inachukua baiti 88,200, na zote kwa pamoja hazifiki megabaiti 3. Mimi hugawa matabaka kwa namba 1 hadi 40, 41 hadi 80, 81 hadi 110, na 111 hadi 127. Ikiwa moduli yako inapokea tabaka moja tu kwa kila pedi, chagua la tatu, na urefushe safari ya sauti kati ya pigo dogo na kubwa katika mipangilio.

Dum niweke pedi gani? Mimi huiweka kwenye tomu kubwa ya sakafuni, tak kwenye sneya, ka kwenye tomu ya kwanza, na kofi kwenye ukingo wa sneya, ili mkono wa kulia na wa kushoto zibaki na majukumu yaleyale zilizoyazoea kwenye ngoma halisi. Hata hivyo nakuambia kwa uwazi kwamba ile mitiririko ya vidole haitatoka kwa fimbo. Anayeihitaji atafute pedi za kupigwa kwa mikono, mfano wa Roland HandSonic, na kizingiti akishushe sana.

Na lile dumbak la babu, usiache kulipiga kwa mkono.

Mchangiaji, Nungwi

Mimi napiga katika bendi ya hoteli, na moduli yangu ni ya bei ndogo: haina pa kuchomeka flashi, na haina sauti yoyote ya kwetu. Je, nibadilishe moduli?

Mwanzisha uzi

Usibadilishe kwanza, ndugu yangu. Kama ina tundu la USB, inaweza kutuma MIDI kwenye kompyuta mpakato, na sauti zikatoka huko. Moduli ikawa kazi yake ni kuusikia mkono tu. Humo utapakia sampuli zako mwenyewe, ukizipangia kila pedi namba yake ya noti. Katika mpangilio wa pamoja unaoitwa General MIDI, kiki ni 36, sneya 38, haihati iliyofungwa 42 na iliyoachiwa 46, bongo ya juu 60 na ya chini 61, na cherewa unaweza kuiweka penye marakasi, namba 70. Programu nyingi huanza na mpangilio huu, hivyo huna haja ya kuanza na karatasi tupu.

La kuangalia ni ucheleweshaji. Kompyuta husubiri kukusanya fungu la sampuli kabla ya kuzitoa. Fungu la 128, kwa kasi ya 44,100, ni milisekunde 2.9 tu, fungu la 512 ni milisekunde 11.6, na hapo mkono wenye uzoefu huanza kulalamika. Weka dogo kadiri kompyuta inavyohimili bila ya kukwaruza. Na betri ya kompyuta iwe imejaa, kwani umeme ukikatika katikati ya wimbo kompyuta itabaki hai ingawa spika zimenyamaza, na hutapoteza ulichokipanga.

Ikiwa hutaki kompyuta jukwaani, tafuta bongo au konga (ngoma ndefu ya mkono) ndani ya moduli yako. Moduli nyingi za bei ndogo zinazo. Konga ya juu ikipandishwa nusu toni nne au tano na kukatwa mkia hutoa tak inayokubalika, na tomu ndogo iliyofupishwa hutoa dum. Si dumbak, lakini wageni na wenyeji watacheza.

Mchangiaji, Mji Mkongwe

Nimesoma yote kwa makini. Mimi ni mtu mzima, nimekaa na orkestra tangu wapiga ngoma walipokuwa wanne na zaidi. Naomba niulize bila ya kumvunjia mtu heshima: ikiwa sauti ya dumbak itatoka kwenye pedi, mpiga dumbak atakwenda wapi?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimekuwa nalo tangu nianze, na ninalichukulia kwa uzito.

Msimamo wangu ni kwamba palipo na mpiga dumbak, sauti ya dumbak haiingii kwenye pedi zangu. Siku hizo huifuta kabisa kwenye orodha ya jukwaani, nisije nikashawishika. Pedi zangu hubaki na kile kiki kidogo, mkwasa na toazi moja, na ninampisha. Nimepanga seti mbili katika moduli, moja ya siku tulizo kamili na moja ya siku ambazo mwenye harusi ameweza kuwalipa watu watano tu. Hiyo ya pili ndiyo iliyobeba sampuli, na hata humo nimezirekodi kutoka mkono wa mpigaji wetu mwenyewe, kwa ridhaa yake, naye hupata fungu lake kila seti hiyo inapotumika. Katika vyuo kama Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa hapa Mji Mkongwe mwaka 2002, vijana bado wanafundishwa dumbak kwa mkono, na mimi huwataka wanafunzi wangu wa dramu waanzie kwenye ngozi kabla sijawagusisha pedi. Aliyeanza na ngozi akifika kwenye ukurasa wa usikivu wa pedi anajua anatafuta nini. Asiyeanza nayo hupandisha namba kwa kubahatisha.

Mchangiaji, Chake Chake

Maalim, nimerekodi upya baada ya kuiota ngozi, na nimekata faili zote 32. Tofauti ni kubwa mno. Nimempigia mama akadhani dumbak liko sebuleni. Limebaki moja. Nataka kuongeza msewe wa kwetu Pemba kwenye kanyagio la haihati, lakini kila nikikanyaga unalia mara mbili.

Mwanzisha uzi

Alhamdulillahi. Msewe haulii kwa pigo moja. Ni majani makavu yanayogongana miguuni mwa mchezaji, kwa hiyo usikate faili kwa ukali kama ulivyokata dumbak. Acha milisekunde chache za ule mchakacho wa mwanzo, kisha uanze kukanyaga mapema kidogo kama anavyofanya mchezaji mwenyewe. Kulia mara mbili kunatokana na kanyagio kutoa ishara linaposhuka na tena linapoachiwa. Tafuta katika mipangilio ya haihati ile sauti inayotolewa mguu unapoinuka na uishushe mpaka sifuri. Kama moduli haina mpangilio huo, uhamishie msewe kwenye kanyagio la kiki la pili, na muda wa kuzuia pigo la kurudia uuweke karibu na milisekunde 60. Ukishamaliza, hifadhi seti nzima kwenye flashi kabla hujaizima moduli.